Uraiani Hakuna Mtegaji: Kwa Wenzangu wa Tiba Mnaokaribia Kuvua Sare

Wiki yangu ya tatu uraiani, bibi mmoja alinisuta mbele ya wodi nzima. Nilimfikia kitandani na faili mkononi, nikamuuliza, "Tatizo?" Akaniangalia weee, kisha akasema, "Mwanangu, hata shikamoo?" Miaka 21 nimesalimia kwa "Jambo afande" na kusalimiwa hivyo hivyo. Shikamoo nilikuwa naiwekea akiba likizo, nikienda kijijini.

Mwaka huu vijana watatu wa tiba jeshini, wawili wauguzi na mmoja wa maabara, wamenipigia wakiuliza swali lile lile: "Afande, huko nje kukoje?" Nimechoka kurudia kwenye simu, kwa hiyo nayaweka hapa.

Mimi ni muuguzi. Nilisoma chuo cha tiba cha jeshi pale Lugalo, nikazunguka vikosi, nikaenda Kongo kulinda amani na kurudi, nikamalizia nikiwa msimamizi wa zahanati ya kikosi. Sasa nafanya kazi hospitali moja Morogoro, jina lake siliweki.

Kwanza leseni, maana hilo halina mjadala. Leseni yangu ya Baraza la Uuguzi na Ukunga iliisha nikiwa Kongo. Niliporudi sikuishughulikia, kila mtu kambini aliniita dokta, nikajisahau. Nilipoanza kutafuta kazi ndipo nikagundua kwamba kwa macho ya sheria mimi si muuguzi, ni mtu aliyewahi kuwa muuguzi. Ikanibidi nihangaikie alama za mafunzo endelevu, ada na fomu huku sina mshahara. Ewe uliyebakiza mwaka mmoja au miwili, acha kusoma hapa, kaangalie tarehe kwenye leseni yako. Nakusubiri.

Halafu wasifu. Wangu wa kwanza ulianza na namba yangu ya MT, ile ya utumishi jeshini, ukafuata na orodha ya KJ nilizopitia na kozi zote hadi ya kulenga shabaha. Muuguzi mfawidhi aliyenisaili, mama wa makamo, aliusoma taratibu, akavua miwani. "KJ ndiyo nini, baba?" Nikamwambia ni kikosi cha jeshi. "Sawa. Sasa hapo KJ ulikuwa unaona wagonjwa wangapi kwa siku?" Nikajibu thelathini, siku nyingine arobaini. "Dawa nani aliagiza?" Mimi. "Vitabu vya MTUHA nani alijaza?" Vile vya takwimu za wagonjwa, mimi. "Na wauguzi wangapi chini yako?" Sita. Akaugeuza ule wasifu, akanisogezea kalamu: "Basi andika hayo nyuma hapa." Nilipata kazi kwa yale yaliyoandikwa nyuma ya karatasi. Uraiani cheo chako hakisomeki, kinasomeka kile ulichokuwa unakifanya kuanzia asubuhi hadi jioni. Ya operesheni yaache huko huko, hakuna mwajiri anayeyahitaji na wewe hujaruhusiwa kuyasema.

Ila hayo ya karatasi yanatengenezeka kwa mwezi mmoja. Lililonichukua karibu mwaka ni jicho.

Aliyekaa zahanati ya kikosi anajua ninachosema. Asubuhi foleni ndefu, na siku ya mbio za kilomita nyingi inakuwa ndefu zaidi. Mgongo, goti, tumbo, kichwa. Kila mmoja anataka ED, karatasi ya kusamehewa kazi, ya siku mbili. Unajifunza kumtambua mtegaji kabla hajakaa: anavyochechemea akiingia na anavyosahau kuchechemea akitoka. Mkuu wako anategemea jicho hilo. Na mgonjwa ni kijana, ana afya, alipimwa kabla hajaajiriwa, dawa halipii, na ukimwambia alazwe analazwa. Hakukatalii. Hawezi.

Nikaja uraiani na jicho lile lile. Mtu akisema anaumwa, kitu cha kwanza kichwani mwangu kilikuwa: huyu anataka nini? Sasa fikiria, mtu amekopa nauli, ameacha kibarua, amelipia kadi dirishani, amekaa benchi saa tatu. Anatega kwa faida gani? Wapo wanaotaka karatasi ya kumpelekea bosi, sikatai, lakini ni wa kuhesabu. Tatizo la uraiani ni kinyume chake. Kambini nilitafuta anayejifanya mgonjwa. Huku natafuta mgonjwa anayejifanya mzima.

Mama mmoja muuza nyanya soko la Chifu Kingalu ndiye aliyenifundisha. Alikuja kwa sababu ya "kichwa kidogo tu." Nikampima presha: 210 kwa 120. Nikarudia mkono wa pili, ile ile. Nikamwambia unalazwa. Akasema hapana, nipe Panadol nirudi. Nikapandisha sauti, nikamweleza kiharusi kinavyokuja, nikamwambia hii si hiari. Akaniangalia kama anavyomwangalia mgambo wa manispaa, akachukua kikapu chake, akaondoka.

Nikaandika kwenye faili "amekataa matibabu" nikaona nimemaliza kazi. Muuguzi mwenzangu, mama aliyebakiza miaka miwili kustaafu, alikuwa amesikia yote. Akatoka nje mbio na kandambili zake za wodini, nikamfuata nikidhani anaenda kumlazimisha. Alimkuta getini. Hakutaja presha hata mara moja. Alimwuliza, "Dada, nyanya umemwachia nani?"

Kumbe tenga mbili zimeiva sana, na jirani wa meza anauza za kwake kwanza. Zikilala zinaharibika, na mtaji ni wa kikundi cha wanawake, marejesho ni Ijumaa. Simu ikapigwa kwa binti yake, binti akakubali kwenda sokoni. Dakika kumi. Mama akarudi ndani mwenyewe, akapanda kitandani, akaninyooshea mkono nimfunge tena kitambaa cha presha.

Yule mama muuguzi hakunisema. Alipita tu karibu yangu akasema, "Afande, wewe ulimpa amri. Hana kikosi."

Tangu siku hiyo kabla sijamwambia mgonjwa afanye nini namuuliza swali moja: ukikaa hapa leo, nini kinaharibika huko ulikotoka? Mara ni nyanya, mara ni mtoto aliyeachwa kwa jirani, mara ni bodaboda ya mkataba ambayo tajiri anataka hesabu yake jioni. Nusu ya "ukaidi" wa wagonjwa unaishia hapo. Nusu nyingine ni hela, na hapo usijidanganye, kuna siku utaandika kipimo na mgonjwa asirudi kabisa. Mimi bado sijazoea.

Kingine ni mikono. Cheti changu kinasema muuguzi na mkunga, lakini nilikuwa sijazalisha kwa miaka tisa. Usiku mmoja niliitwa wodi ya wazazi kusaidia, mama ametoka kujifungua, damu inatoka nyingi. Nikajipa moyo: damu naijua. Nikashika gozi, kitambaa cha vidonda, mikono ikaanza kutafuta jeraha la kukandamiza. Jeraha hakuna. Mkunga, binti anayeweza kuwa mwanangu, akanisukuma kwa kiwiko, akaweka kiganja chini ya kitovu cha yule mama akaanza kuusugua mji wa mimba, huku akiagiza bila kugeuka: mpira wa mkojo, maana kibofu kikijaa mji haujikazi vizuri, oksitosini uniti 20 kwenye dripu ya lita moja, kondo nalo likaguliwe kama limetoka lote. Taratibu mji ukakaza chini ya mkono wake. "Shika hapa," akaniambia, "uuone ulivyo mgumu. Ukilegea, niite."

Asubuhi nikaenda ofisini kuomba nipangwe wodi ya wazazi miezi mitatu, chini ya binti yule. Kuna waliocheka. Nakushauri ufanye hivyo hivyo: omba upelekwe unakoogopa, na uombe mapema, kabla hujafichuliwa. Watoto wachanga, wazee wa sukari na presha, wajawazito. Kwenye kikosi kilichojaa vijana hukuwaona vya kutosha.

Lakini usije ukadhani umekuja kujifunza tu. Basi lilipopinduka barabara ya Iringa, tulishushiwa majeruhi zaidi ya ishirini ndani ya nusu saa, na kila mtu alikimbilia anayepiga kelele. Nikasimama mlangoni na plasta na makapeni. Anayepiga kelele anapumua, kwa hiyo anaweza kusubiri kidogo, nilitafuta walionyamaza. Plasta kwenye paji la uso, namba 1, 2 au 3, namba 1 ndiye wa kuhudumiwa kwanza, na ndugu wote nje ya mstari. Namba 1 wa kwanza alikuwa kijana aliyekaa kimya ukutani, suruali imeloa damu pajani, kila mtu amempita. Siku hiyo hakuna aliyeniuliza KJ ni nini. Kazi niliyonayo sasa ya kusimamia idara ya dharura ilitokana na mlango ule.

Kwa hiyo usitafute wodi peke yake. Migodi ina zahanati, miradi mikubwa ya ujenzi ina zahanati, magari ya wagonjwa yanataka watu wasiotetemeka. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003 inawataka waajiri wawe na huduma ya kwanza, na mtu lazima awafundishe hao watoa huduma. Wenzetu wawili wanaishi kwa mafunzo hayo, na wanaishi vizuri kuliko mimi.

Kiinua mgongo usikifungulie zahanati mwaka wa kwanza. Kibali, jengo, mtaalamu mwenye sifa, dawa zinazoisha muda; nimeona mtu akimaliza hela kabla hajapata mgonjwa wa kwanza. Ajiriwa kwanza, uone biashara inavyokwenda kwa hasara ya mwingine.

Kuhusu kupayuka: niliwahi kumfokea muuguzi aliyechelewa dakika kumi kupokea zamu. Alinijibu kwa upole, "Kaka, hapa siyo kambini," kisha akaenda kuniandikia malalamiko. Alikuwa na haki. Mtoto wake alikuwa na homa.

Na usiku. Sikuwepo kambi ya Semuliki tarehe 7 Desemba 2017, wenzetu walinda amani wasiopungua 14 walipouawa huko Kivu Kaskazini, Kongo, ila nimekaa Beni, mkoa huo huo, na kila muuguzi aliyekaa kule amebeba chake. Kambini mlikuwa mnanyamaza pamoja. Uraiani utanyamaza peke yako, na hiyo ni habari nyingine kabisa. Mke wangu ndiye aliyegundua kwamba bado napanga viatu kando ya kitanda, vimeelekea mlangoni. Nikatafuta mtu wa kuongea naye, mtaalamu, nje ya hospitali ninayofanya kazi. Tafuta wako kabla mwenzio hajachoka kuhesabu viatu.

Yule mama wa nyanya huja kila mwezi kupima. Juzi ilikuwa 140 kwa 90. Mapokezi hawalijui jina analoniita, kwa hiyo kila akija lazima waulizane, maana anafika pale na fungu lake la nyanya kwenye mfuko na kusema anamtaka yule sista mwanaume, yule mkali aliyeacha ukali.