Klabu ipi, na ufanye nini ndani yake: ushauri kwa wanafunzi wa sekondari ya juu

Kila mwanzo wa muhula wanafunzi hunijia na swali lile lile: "Mwalimu, nijiunge na klabu ipi?" Nimekuwa mlezi wa klabu za wanafunzi kwa miaka mingi, za sayansi na za mdahalo, na siku hizi jibu langu ni fupi. Jiunge na ile itakayokupa kazi ambayo usipoifanya, watu wataona. Wengi hawaridhiki nalo. Wanataka niwatajie jina la klabu, ikiwezekana ile inayopendeza kwenye fomu ya kuomba chuo.

Mwanafunzi anaweza kuhudhuria mikutano mwaka mzima, akavaa fulana, akapiga picha na kupewa cheti, lakini asijue hata kitu kimoja ambacho hakukijua mwanzoni. Mwenzake aliyechaguliwa mweka hazina wa klabu hiyo hiyo anamaliza mwaka akijua kuandaa bajeti, kudai risiti, na kusimama mbele ya wanachama kueleza kwa nini salio limepungua. Hesabu zenyewe ni za kujumlisha na kutoa tu. Ugumu uko pale anapolazimika kumwambia rafiki yake wa karibu kwamba hela hiyo haikupitishwa na hatapewa. Sijaona mtihani wa kuandika unaopima hilo.

Basi ukiingia kwenye klabu, usikae ukingoja uongozi. Omba kazi ndogo yenye jina lako: kutunza muda, kuandika kumbukumbu za vikao, kuwasiliana na mgeni atakayekuja kuzungumza, kuhakikisha mipira inarudi stoo. Mpiga picha hunisumbua kidogo, kwa sababu ni kazi inayomweka mtu pembeni ya kila kitu, ila kuna niliowaona wakiifanya kwa bidii ya ajabu.

Wanaosoma sayansi huniambia kwamba bila maabara nzuri hakuna la kufanya. Hao ndio nawapa fimbo ya kupimia kivuli. Eratosthenes, msomi wa Kigiriki aliyefanya kazi Alexandria, alikadiria mzingo wa dunia zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Alijua kwamba kule Syene, mji wa kusini mwa Misri, siku moja ya mwaka, jua la mchana husimama utosini na vivuli hutoweka, ilhali Alexandria siku hiyo hiyo jua huinama kwa nyuzi kama 7.2, yaani sehemu 1 kati ya 50 ya duara. Akachukua umbali wa miji hiyo miwili, akauzidisha kwa 50.

Wanafunzi wanaweza kulirudia jambo hilo wakiwa na fimbo ya mita 1, timazi ya kuisimamisha wima, rula, na shule rafiki iliyo mbali upande wa kaskazini au kusini. Siku moja mliyokubaliana, kila shule inapima kivuli kinapokuwa kifupi kuliko wakati mwingine wowote wa mchana. Gawanya urefu wa kivuli kwa urefu wa fimbo, tafuta pembe ambayo tanjenti yake ni jibu hilo, kisha linganisha pembe za shule mbili. Vivuli vikielekea upande mmoja, toa pembe ndogo kwenye kubwa. Kimoja kikielekea kaskazini na kingine kusini, zijumlishe. Gawanya 360 kwa ulichopata, zidisha kwa umbali. Jibu sahihi linakaribia kilomita 40,000.

Wanafunzi huwa hawapati hiyo 40,000 mara ya kwanza, na hapo ndipo masomo yanapoanza. Wanagundua kwamba saa ya ukutani ikionyesha adhuhuri, jua mara nyingi halijafika juu kabisa, au limeshapita. Inabidi wapime kila baada ya dakika chache, kabla na baada, watafute kivuli kifupi kwa macho yao. Wanagundua kwamba umbali wa barabara hauna kazi hapa, kwa sababu barabara inapinda. Unaohitajika ni ule wa kaskazini-kusini pekee, nao unasomwa kwenye ramani. Halafu wanakutana na ncha ya kivuli, ambayo haina ukingo mkali kama wa kwenye mchoro wa kitabu. Inafifia polepole, na kila mtu anaiona inaishia mahali pake. Jua likiwa karibu na utosi, kosa la sentimita 1 kwenye fimbo ya mita 1 ni zaidi ya nusu nyuzi, na nusu nyuzi juu ya uso wa dunia ni zaidi ya kilomita 50. Kama shule hizo zimeachana kilomita 300, umeshaharibu karibu moja ya tano ya jibu kwa sentimita moja tu. Hapo anatokea mmoja anapendekeza fimbo ndefu zaidi, mwingine anamjibu kwamba kivuli kikirefuka na ncha nayo inazidi kufifia. Mabishano ya namna hiyo, yakienda hadi kengele ya kurudi darasani, mimi huyahesabu kuwa kipindi kizima cha fizikia.

Yote haya yanapotea haraka usipoandika. Nunua daftari dogo, na kabla ya shughuli yoyote andika mistari miwili: natarajia nini kitatokea, na nini kinaweza kuharibika. Baada yake andika kilichotokea na utakachobadilisha safari ijayo. Anayeandika baada tu hujidanganya kwa urahisi, maana jambo likishatokea huonekana kana kwamba tulilijua tangu mwanzo. David Kolb, mtaalamu wa elimu wa Marekani, mwaka 1984 aliyaeleza mafunzo ya vitendo kama mzunguko wa hatua nne: unafanya, unatafakari, unapata kanuni, unaijaribu kanuni hiyo. Shughuli nyingi za shule huishia hatua ya kwanza, kisha watu wanapanda basi kurudi. Kwenye stashahada ya International Baccalaureate, programu ya kimataifa ya sekondari ya juu, wanafunzi hutakiwa kuendelea na shughuli za ubunifu, mazoezi na huduma kwa angalau miezi 18. Hawapewi alama, ila lazima waonyeshe ushahidi na tafakuri zao. Shule yako isipodai hivyo, jidai mwenyewe.

Kuhusu mdahalo nina neno moja: omba upande usiouamini. Ukitetea unachokiamini tayari, unafanya mazoezi ya sauti tu.

Huduma ya kwanza ningeiweka juu ya nyingi, mradi mkufunzi awe na sifa. Kitabuni unasoma kwamba kifua cha mtu mzima ambaye moyo wake umesimama hukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hivi. Piga magoti mbele ya sanamu ya mazoezi ufanye hivyo dakika mbili, ndipo utakapoelewa kwa nini waokoaji hushauriwa kupokezana kila baada ya muda huo. Mikono huchoka kabla mtu hajajua kwamba imechoka.

Kazi za kujitolea zina mtego wake. Vijana wengi huamua wenyewe jamii inahitaji nini, wanakwenda kufanya usafi mahali ambapo watu walikuwa wanatafuta mtu wa kuwasaidia kujaza fomu. Tangulieni kuuliza, tena muulize wale watakaohudumiwa, msiishie kwa viongozi wao.

Wazazi nao huniuliza kama haya hayatakula muda wa masomo. Yanaweza, na nimewahi kumwomba mwanafunzi mzuri aache klabu zake zote isipokuwa moja. Vijana wa umri wa miaka 13 hadi 18 hushauriwa kulala kwa muda wa saa 8 hadi 10 kwa siku, na anayezipunguza ili awahi mazoezi alfajiri na vikao usiku analipa deni hilo darasani. Shughuli moja kwa uzito, na nyingine ya kujifurahisha isiyo na cheo, inatosha.

Mwaka wa mtihani wa mwisho ukifika, usiache kazi yako ghafla. Mapema katika muhula, mtafute wa darasa la chini, mfanye kazi pamoja kwa wiki kadhaa, kisha mpe maelezo ya maandishi: funguo ziko wapi, nani anadaiwa, mwalimu gani husaini barua na anapatikana siku zipi, kifaa gani ni kibovu na kinaendaje. Mwache aendeshe kikao kimoja nawe ukiwa umekaa nyuma, kimya. Akikugeukia kila dakika kuuliza, maelezo yako hayajakamilika. Yarudie kabla hujaenda kufungua vitabu.