Andika saa: vipimo vya damu na ukali wa sepsisi

Jibu la laktati (mabaki ya uchomaji wa glukosi mwilini) la 4.2 lililobandikwa kwenye faili bila saa ya kuchukua damu halimsaidii anayeingia zamu. Hajui kama damu ilitolewa kabla ya dripu au baada ya lita mbili, wala kama namba inapanda au inashuka. Kwa hiyo, wewe unayeanza wodini, kabla hujakariri viwango, zoea kuandika saa kando ya kila jibu. Na utumie mfumo wa saa 24. Ukiandika "saa 8", mmoja atasoma saa nane za usiku, mwenzake atasoma 08:00 asubuhi. Hapo katikati kuna saa sita, na kwa mgonjwa wa sepsisi (maambukizi yaliyofikia kuharibu viungo vya mwili) saa sita ni nyingi mno.

Anza na laktati. Hupanda tishu zikikosa damu ya kutosha, lakini pia kwa sababu adrenalini ya mwili wenyewe huharakisha uchomaji wa glukosi, na ini lililoelemewa hushindwa kuiondoa. Chini ya milimoli 2 kwa lita ni kawaida. Kuanzia 4 mgonjwa yuko hatarini hata kama presha bado inasoma 120/70. Presha ya kijana hujishikilia muda mrefu kisha huporomoka ghafla. Kwa ufafanuzi wa mwaka 2016, mshtuko wa sepsisi ni pale ambapo, baada ya maji ya kutosha, mgonjwa bado anahitaji dawa za kupandisha presha ili wastani wa presha ufike 65 mmHg, na laktati bado imezidi 2. Yote mawili kwa pamoja. Katika kundi hilo vifo vya hospitalini huzidi asilimia 40.

Makosa mengi hutokea kabla sampuli haijafika maabara. Chembe nyekundu huendelea kula glukosi na kutoa laktati ndani ya chupa, hivyo sampuli iliyosahauliwa dirishani hutoa jibu la kutisha kwa mgonjwa asiye na shida hiyo. Tumia chupa ya kifuniko cha kijivu, yenye floridi, na uigeuze taratibu mara 8 hadi 10. Usipoichanganya, dawa hubaki chini na damu hubaki juu. Kama huna chupa hiyo, weka sampuli kwenye barafu na uipime ndani ya robo saa. Mpira wa kufungia mkono usikae muda mrefu, wala mgonjwa asikunjekunje ngumi. Usichote damu kwenye mkono wenye dripu: lita moja ya Ringa laktati ina takriban milimoli 28 za laktati, na dripu ya chumvi ya kawaida nayo huizimua damu mpaka chembe sahani (za kugandisha damu) na kreatinini (kipimo cha figo) zikaonekana chini kuliko zilivyo. Chupa ya kijivu ijazwe mwisho, baada ya zile za kuotesha damu na nyingine zote. Na usiombe potasiamu kutoka humo. Mara nyingi kihifadhi chake kina potasiamu yenyewe.

Damu ya vena inatosha kwa kuanzia. Ikiwa ya kawaida, ya ateri haiwezi kuwa juu kwa maana. Ikiwa juu, usilinganishe ya vena ya asubuhi na ya ateri ya mchana ukaita hayo ni mabadiliko.

Kabla ya kuilaumu sepsisi, uliza mgonjwa ametumia nini. Nebulaiza ya salbutamoli, dripu ya adrenalini, metformini figo zikiwa zimechoka, degedege lililokoma dakika kumi zilizopita: vyote huipandisha. Katika maeneo yetu, pima malaria kila mara. Laktati ya 5 na kuendelea ni mojawapo ya dalili za malaria kali, na malaria na sepsisi ya bakteria zinaweza kukaa kwa mtu mmoja.

Ikizidi 2, rudia baada ya saa 2 hadi 4. Kushuka kunatia moyo, lakini laktati iliyogoma haimaanishi moja kwa moja ongeza maji. Utafiti wa FEAST wa 2011 kwa watoto wa Kenya, Uganda na Tanzania ulionyesha kwamba kumiminiwa maji ya haraka kuliongeza vifo ndani ya saa 48. Sikiliza mapafu kwanza. Mashine ya laktati ikiharibika, bonyeza ncha ya kidole kwa sekunde 10 uachie: rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, mzunguko wa damu bado haujatulia.

Prokalsitonini (protini ya damu inayopanda kwenye maambukizi ya bakteria) haikuambii kama uanze antibiotiki. Uamuzi huo haungoji jibu. Faida yake huja baadaye. Nusu yake huondoka kwa takriban saa 24, hivyo kwa mgonjwa anayepata nafuu inapaswa kupungua karibu nusu kila siku. Ikishuka kwa asilimia 80 kutoka kilele, au chini ya 0.5 (nanogramu kwa mililita), una hoja ya kusimamisha dawa. Upasuaji mkubwa, kuungua na malaria huipandisha pia. CRP (protini nyingine ya damu inayoonyesha uvimbe au maambukizi) ni ya bei nafuu ila ni mzito wa kuamka: hufika kileleni baada ya siku moja na nusu au mbili, kwa hiyo CRP ndogo saa ya kwanza ya homa haimtoi mtu hatarini.

Usidharau vipimo vya kila siku. Chembe sahani chini ya 100 (elfu kwa mikrolita), bilirubini (kipimo cha ini) kuanzia 33 na kreatinini kuanzia 171 (zote mbili kwa mikromoli kwa lita), kila kimoja ni alama 2 za SOFA (mizani ya kupima kuharibika kwa viungo), na ongezeko la alama 2 juu ya hali ya kawaida ya mgonjwa linatosha kuita maambukizi hayo sepsisi. Angalia kizio: kreatinini ya 2 katika mg/dL ni takriban 177 katika mikromoli. Chembe sahani zikianguka ghafla bila sababu, omba slaidi. Huenda zimegandamana tu ndani ya chupa.

Kwenye makabidhiano, mstari mmoja wa namna hii unatosha: "Laktati 4.2 saa 02:10, vena, kabla ya dripu, 2.9 saa 04:20, vena, baada ya lita 1.5; mapafu safi, mkojo ml 40 kwa saa; kurudia 07:00."