Kabla hujairudia ile picha ya Kihindi uliyoililia utotoni

Juzi usingizi umegoma, bando lipo, nikasema ngoja niirudie Dilwale Dulhania Le Jayenge, ile ya Shah Rukh Khan na Kajol ya mwaka 1995. Nyumbani Tanga tuliiangalia mpaka mkanda ukaanza kutoa mistari. Deki ilikuwa ya shangazi kwa hiyo na sheria zilikuwa za shangazi, hakuna kuongea, hakuna kukatiza mbele ya tivii, na anayetafsiri ni yeye peke yake.

Sasa wewe usifanye kama mimi, kuangalia kwenye simu kitandani. Ile picha inazidi masaa matatu, nikaanza kuruka nyimbo nikaona mbona haieleweki, kumbe nyimbo ndo zinabeba stori jamani, ukiruka ile ya shamba la haradali umeruka hao watu walivyoonana tena kule Punjab. Nikazima. Kesho yake jioni nikaiweka kwenye tivii, mihogo ya kukaanga pembeni, na pilipili.

Halafu jiandae, steringi wako atakukera. Raj, yaani Shah Rukh Khan, nilimpenda vibaya mno enzi hizo. Pale anapomzuga mzee Baldev, baba yake Simran, kule London, duka limeshafungwa, eti kichwa kinauma anataka dawa, akifunguliwa anabeba bia, bado nilicheka. Ila ile ya Uswisi, Simran, yaani Kajol, kaamka asubuhi hakumbuki kitu, jamaa anamtania kwamba usiku kuna jambo limetokea mpaka binti wa watu analia ndo anasema nilikuwa natania... utotoni tulicheka, safari hii nikasimamisha picha nikaenda kunywa maji. Usijilazimishe kuitetea hiyo sehemu. Na usiisuse picha nzima kwa ajili yake, maana huyo huyo Raj mbele huko mama mtu anawaletea dhahabu zake wakimbie na yeye anagoma, anasema Simran nitamchukua baba yake akinipa mwenyewe.

Lakini kubwa kuliko yote, washa sabtaito. Kihindi cha shangazi kilikuwa cha kujifunzia kwenye hizi hizi picha, sisi tuliamini kila neno. Kuna mahali mama yake Simran, Farida Jalal yule, anakaa na binti yake anaongea weee, machozi yanamtoka. Shangazi alitafsiri, "Anamwambia avumilie." Basi, yameisha.

Kumbe mama wa watu anasimulia kwamba alipokuwa mdogo baba yake alimwambia mwanamke na mwanaume hawana tofauti, alivyokua akaachishwa shule ili kaka zake wasome, akaapa binti yake hayatamkuta hayo, na sasa yeye mwenyewe ndo amekuja kumuomba amsahau Raj. Yote hayo. Mhogo ukanipoa mkononi, kwa sababu shangazi yangu aliishia darasa la nne na kaka zake wote wawili, baba yangu mmojawapo, walimaliza sekondari.

Nikampigia usiku ule ule. Shikamoo, marahaba, nikamwambia shangazi pale kwa mama Simran ulitukatia maneno. Akakaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Mlikuwa watoto," akasema. "Umefika wapi, treni tayari?"

"Bado."

"Ikifika treni nipigie."

Hapo ndo penye ushauri wangu wa mwisho, kama aliyekuonyesha hiyo picha yupo hai mtafute, hata kwa simu. Nilimpigia, nikaweka spika karibu na tivii. Treni inaanza kuondoka, Raj yuko mlangoni, mzee Baldev kamshika Simran mkono hamuachii, na alipomuachia tu shangazi akadakia kabla hata sabtaito haijatokea, "Nenda Simran, nenda mwanangu, kaishi maisha yako," na safari hii hakuruka neno.