Kona ya chini kulia

Wiki iliyopita picha yangu ilirudi nyumbani. Aliyeinunua aliileta mwenyewe, imefungwa kwenye shuka. Akaiegemeza ukutani na kuninyooshea kidole kona ya chini kulia, bila kusema neno. Kipande cha gazeti nilichokuwa nimekibandika pale kilikuwa kimegeuka kahawia, kimejikunja ukingoni kama jani kavu, na chini yake rangi ya mafuta ilikuwa inang'aa safi kana kwamba haikuwahi kuguswa na gundi. Nilimrudishia fedha zake zote siku ileile. Usiku sikupata usingizi.

Siku mbili baadaye nikapata ujumbe kutoka kwa kijana anayeanza kazi hii ya kuchora kwa nyenzo mchanganyiko, yaani rangi pamoja na vitu halisi vilivyobandikwa: "Makaratasi ninayoyabandika yanabanduka. Nitumie gundi gani?" Mwezi mmoja kabla ya hapo ningemtajia gundi, nikaendelea na shughuli zangu. Safari hii nilishindwa, kwa sababu picha ilikuwa bado imeegemea ukuta ule, inanitazama.

Nianze mbali kidogo. Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Chini ya meza yake kulikuwa na boksi la karatasi za kukatia nguo: migongo, mikono, kola, kila moja na vipimo vyake kwa penseli. Alipofariki, karatasi zile zilikuwa zichomwe pamoja na takataka nyingine. Nikazichukua. Nilikaa nazo miaka mitatu bila kuthubutu kuzigusa kwa rangi.

Mwanzoni nilijaribu kuzichora. Nilizitandaza mbele yangu, nikaufuata kila mkunjo kwa rangi za mafuta, kwa ustadi wote niliokuwa nao. Picha ikatoka nzuri, lakini ilikuwa ya uongo. Mkunjo nilioupaka kwa brashi ulikuwa wangu. Ule wa kwenye karatasi ulikuwa wa mkono wa mama, uliokunja na kukunjua kwa miaka. Siku nilipoichukua karatasi yenyewe ya mgongo, iliyoandikwa "mabega 44" na kupigwa mstari chini, nikailaza juu ya ubao uliopakwa rangi ya udongo, nilikaa chini nikalia. Nilikuwa nimeipata.

Hili ndilo ninalotaka ulishike kabla ya mengine yote: unachokibandika kiwe kinabeba jambo ambalo brashi haiwezi kulibeba. Mwaka 1912 mchoraji Pablo Picasso alichukua kitambaa cha kutandika mezani kilichochapwa mfano wa kiti cha kusukwa, akakibandika ndani ya picha ya duaradufu, na badala ya fremu akaizungushia kamba halisi. Angeweza kabisa kuuchora msuko ule kwa mkono. Mwaka huohuo mchoraji mwenzake, Georges Braque, akaanza kubandika kwenye michoro yake karatasi za ukutani zilizochapwa mfano wa mbao. Baadaye Kurt Schwitters, Mjerumani, akawa anaokota tiketi na makaratasi ya mitaani, na kazi hizo akaziita Merz, kipande cha neno alichokikata kwenye tangazo la benki. Watu hawa hawakukosa ustadi wa kuchora. Walijua kitu halisi kina ushahidi wake.

Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu mwalimu wangu mmoja alisimama mbele ya kazi yangu ya kwanza na kutamka, darasa zima likisikia, "Hii ni kazi ya wabandika mabango." Imepita miaka kumi na moja. Mpaka leo nikisimamisha ubao mtupu, sauti ile hunijia.

Lakini mwaka huu kazi tatu za mfululizo wa karatasi za mama zilipokelewa kwenye maonyesho. Siku ya ufunguzi mama mmoja wa makamo alisimama mbele ya ile ya mgongo kwa muda mrefu. Watu wengine walikuwa wakiangalia rangi. Yeye alikuwa akiisoma karatasi. Akanigeukia akasema, "Mwanangu, mwenye nguo hii bega lake la kushoto limeshuka. Fundi amemfichia." Nikasogea kutazama. Kweli, mstari wa bega la kushoto ulikuwa umefutwa na kuchorwa tena, chini kidogo ya ule wa kulia. Nilikuwa nimekaa na karatasi ile miaka yote, nimeipaka, nimeibandika, sikuwahi kuuona mstari ule. Naye alikuwa fundi. Sina sifa nyingine ninayoithamini kuliko ile.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kwanza kabisa, kila karatasi naipiga picha kabla ya lolote, pande zote mbili, maana ikishapata gundi haina kurudi. Kisha naipaka jeli ya akriliki, ambayo ndiyo gundi yangu, iliyolainishwa kwa maji, mbele na nyuma, naiacha ikauke. Karatasi isiyolindwa pande zote hunywa unyevu upande mmoja na kujikunja. Ubao nautayarisha kwa jeso, ile rangi nyeupe ya msingi, tabaka mbili au tatu, na kila tabaka likikauka napitisha msasa. Vitu vizito sivibandiki kwenye turubai hata siku moja. Turubai hulegea na kukaza hewa inapobadilika, na kitu kigumu kilicho juu yake hakiwezi kuifuata.

Wakati wa kubandika, jeli napaka kwenye ubao na pia nyuma ya karatasi, halafu nasubiri kidogo. Karatasi ikilowa hutanuka. Ukiiharakisha, itatanukia pale juu ya ubao na kukuletea mapovu. Nikiilaza, naanza kukandamiza katikati nikielekea kingoni, kwa kiganja kwanza, kisha rola. Juu nafunika karatasi ya nta, naweka ubao mwingine na uzito, mpaka asubuhi. Hapo katikati kuna kungoja kwingi, sitakuchosha nako.

Rangi za akriliki zinakuja kwanza, nyepesi, ili maandishi ya penseli yaonekane. Rangi za mafuta mwisho. Usigeuze mpangilio huo. Akriliki hukauka maji yake yanapotoka, mara nyingi ndani ya saa chache. Mafuta hayakauki kwa kupoteza maji. Yanavuta oksijeni hewani na kuwa magumu polepole, na tabaka nene huweza kuendelea hivyo kwa miezi. Gundi au rangi ya maji ukiiweka juu ya mafuta haipati pa kushika. Inakaa tu, kisha siku moja inaachia.

Sasa unajua ile kona ilivyokuwa. Picha ilitakiwa kwenye maonyesho siku inayofuata. Karatasi za mama zilikuwa zimekaa mahali pake, rangi za mafuta zimemalizika, lakini kona ya chini kulia ilikuwa tupu na utupu ule ukanitia hofu. Nikachana kipande cha gazeti la siku hiyo, nikakipaka gundi upande mmoja, nikakibandika juu ya mafuta. Gazeti, ambalo karatasi yake hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa zikiwa bado na lignini ndani, ile inayoushikilia mti uwe mgumu, na lignini ndiyo inayogeuka kahawia mwanga ukiipata. Yote hayo nilikuwa nayajua. Karatasi za mama kwenye picha ileile hazijabanduka hata ukucha, kwa sababu zile nilizihudumia. Gazeti lile sikulihudumia kwa kuwa halikuwa na jambo la kusema. Lilikuwa pale kuziba nafasi.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeanza, usibandike kwa kuogopa nafasi tupu. Ukiona mkono unakimbilia makaratasi, weka brashi chini, toka nje, rudi kesho. Kama ni gazeti kweli unalihitaji, kwa sababu ya habari iliyomo, litolee nakala kwa mashine ya leza kwenye karatasi isiyo na asidi, kisha bandika nakala. Mashine za wino wa maji nyingi zitakuharibia: wino huchuruzika jeli inapoigusa. Lakini jiulize kwanza kama unalihitaji. Jiulize tena.

Yule kijana nilimjibu kwa swali: karatasi hizo ni za nini? Alikaa kimya siku nzima. Jioni akaniandikia kwamba ni madaftari ya hesabu ya mdogo wake, ambaye hayupo tena.

Nikamwambia aifunike gundi, azitoe kurasa moja moja, azipige picha zote, mbele na nyuma, hata zile zisizoandikwa kitu.