Tovuti Ikifungwa, Mafaili ya Watu Yanakwenda Wapi? Majibu kwa Wasomaji wa Kigoma

Barua nyingi tulizopokea kutoka mkoani Kigoma safari hii zinahusu jambo moja: hatua za serikali za nje, na sheria za hapa kwetu, dhidi ya tovuti za kugawana mafaili na wizi wa kazi za sanaa mtandaoni. Tumechagua nne. Majina ya waandishi tumeyahifadhi.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mpiga video za harusi na maulidi hapa Ujiji. Kwa kuwa kompyuta yangu haina nafasi, nilikuwa nahifadhi kazi za wateja kwenye tovuti moja ya nje ya kugawana mafaili, kisha nawatumia linki ndugu zao walioko Dar es Salaam na Oman. Sasa tovuti hiyo haifunguki. Kuna tangazo tu kwamba imekamatwa na vyombo vya sheria kwa kuvunja hakimiliki. Je, na mimi ni mshitakiwa? Na video zangu nitazipataje?*

Ndugu yetu wa Ujiji, ondoa hofu kwanza. Kuwa na akaunti katika tovuti iliyofungwa si kosa, na video ulizopiga wewe mwenyewe hazikuvunja hakimiliki ya mtu kwa sababu tu ziliwekwa jirani na filamu za wizi. Swali lako la pili ndilo zito, na ningependa kulijibu kwa kirefu, kwa maana wenye kufunga tovuti hizi mara nyingi hawalijibu.

Mfano unaofahamika zaidi ni wa Megaupload. Tarehe 19 Januari 2012 Wizara ya Sheria ya Marekani iliifunga tovuti hiyo, iliyokuwa ikiendeshwa na kampuni ya Hong Kong na kujivunia watumiaji milioni 150 walioandikishwa. Mwanzilishi wake, Kim Dotcom, alikamatwa nyumbani kwake karibu na Auckland, New Zealand, kwa msaada wa polisi wa nchi hiyo. Waendesha mashitaka walidai kwamba wenye tovuti walijipatia zaidi ya dola milioni 175 na kuwatia wenye hakimiliki hasara ya zaidi ya dola milioni 500, na kwamba mwenye filamu alipolalamika, waliondoa linki moja tu huku faili lenyewe likibaki kwenye seva, yaani kompyuta kubwa zinazohifadhi mafaili ya tovuti, na kuendelea kupatikana kwa linki nyingine. Madai hayo hayakuwa ya hewani, kwani mwaka 2022 wawili kati ya washirika wa Dotcom walikiri makosa katika mahakama ya New Zealand, na mwaka uliofuata wakahukumiwa vifungo vya zaidi ya miaka miwili kila mmoja.

Lakini ndani ya seva zile hamkuwa na filamu za wizi peke yake. Palikuwa na picha za familia, kazi za ofisi, na video za watu wenye shughuli kama yako. Mpiga video wa michezo ya shule katika jimbo la Ohio alikwenda mahakamani kudai mafaili yake, na miaka ikapita bila kurudishiwa. Serikali ya Marekani ilisema imekwisha kunakili ushahidi iliouhitaji, na kwamba anayetaka vitu vyake awasiliane na kampuni iliyokodisha seva. Kampuni hiyo, iliyokuwa na seva zaidi ya 1,000 za Megaupload huko Virginia, ililalamika kwamba inagharimika kila siku kuzitunza bila kulipwa na mtu. Huko Uholanzi kampuni nyingine ilichoka kungoja, na mwaka 2013 ikafuta seva 630, pamoja na vyote vilivyokuwamo.

Nasema bila kusita kwamba hapo haki haikutendeka. Serikali inayofunga ghala kwa sababu mwenye ghala anauza mali ya wizi inawajibika kuweka mlango wa pembeni ambapo mwenye mzigo halali atachukua mzigo wake, na mahakama inayotoa amri ya kukamata seva inaweza kabisa kuweka sharti hilo ndani ya amri yenyewe. Anayelinda mali ya msanii wa Hollywood hana sababu ya kuipuuza mali ya mpiga video wa Ujiji, kwa kuwa sheria inayowalinda ni hiyo hiyo moja.

Kwa upande wako, chunguza kwanza ni kitu gani hasa kilichokamatwa. Mara nyingine serikali huchukua jina la tovuti tu; majina yote yanayoishia na .com yanasimamiwa na kampuni iliyoko Marekani, kwa hiyo amri ya mahakama ya huko inatosha kuligeuza jina lielekee kwenye tangazo, hata kama seva ziko nchi nyingine na hazijaguswa. Hali ikiwa hiyo, huenda wenye tovuti wakafungua anwani mpya, ila uwe mwangalifu sana, maana matapeli nao hufungua tovuti zinazofanana na ile ya zamani ili wapate nywila za watu. Kama seva zenyewe ndizo zilizochukuliwa, usijenge matumaini makubwa. Waulize wateja na ndugu zao waliokwisha kupakua video, kwa sababu nakala nyingi hupatikana kwenye simu za mashangazi kuliko popote pengine. Kadi za kamera ambazo hujarekodi juu yake usizitumie kwanza. Fundi mwenye programu ya kurejesha mafaili anaweza kuokoa kilichofutwa mradi hakijafunikwa na kazi mpya. Kuanzia sasa ingiza gharama ya diski ya nje katika bei ya kila harusi, na nakala ya mtandaoni iwe ya pili, isiwe ya pekee.

*Mheshimiwa Mhariri, nina kibanda Mwanga, hapa Kigoma mjini. Watu huja na flashi na memori kadi, nawawekea filamu na nyimbo kwa bei ndogo. Mzigo mwingine naushusha mwenyewe kwa torenti usiku, mwingine unakuja kwa diski ya nje kutoka Dar. Sina tovuti wala siendeshi mtandao wowote. Hao wanaokamatwa Ulaya ni wenye tovuti, mimi nahusikaje? Na filamu za Kikorea zilizotafsiriwa na madijei wetu, nazo zina mwenyewe?*

Unahusika, ndugu yangu, na ni afadhali uambiwe waziwazi na gazeti kuliko kuambiwa na askari. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi peke yake haki ya kunakili, kusambaza na kutafsiri kazi yake, wala haijali kama nakala imepita kwenye tovuti, kwenye flashi au kwenye kanda. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ikaongeza uzito pale kompyuta inapotumika: anayevunja haki hizo bila lengo la biashara anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili, na anayefanya kwa biashara faini haipungui milioni 20 au kifungo miaka 5, au vyote viwili, pamoja na kumlipa fidia aliyeathirika. Kibanda chako ni biashara.

Filamu za Kikorea zina wenyewe. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda hakimiliki, tangu mwaka 1994, nao unazitaka nchi wanachama zilinde kazi za wageni kama zinavyolinda za wananchi wao. Sauti ya dijei ni kazi yake na ina ustadi wake, lakini imepandishwa juu ya kazi ya mtu mwingine ambaye hakuombwa ruhusa.

Kuhusu torenti, kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Faili la torenti haliji kutoka sehemu moja; linakatwa vipande vidogo vinavyotoka kwenye kompyuta za watu wengi waliokwisha kulipata, na wakati wewe unashusha, kompyuta yako nayo inawagawia wengine vile vipande ulivyokwisha kuvipata. Kwa hiyo usiku ule unapodhani unapokea tu, wewe ni msambazaji pia. The Pirate Bay ya Uswidi haikuweka filamu yenyewe kwenye seva zake. Iliwaelekeza watu tu mahali vipande vilipo. Polisi waliivamia huko Stockholm tarehe 31 Mei 2006, na baada ya siku tatu ikawa hewani tena. Hata hivyo, Aprili 2009 mahakama iliwatia hatiani watu wanne kwa kusaidia uvunjaji wa hakimiliki na kuwahukumu kifungo cha mwaka mmoja kila mmoja na fidia ya kroni milioni 30, ingawa rufaa baadaye ilipunguza vifungo na kuongeza fidia. Tovuti ilirudi, lakini hukumu haikufutika kwa sababu hiyo.

Hata hivyo sikubaliani na wanaodhani kufuli peke yake inatosha. Napster, huduma ya kugawana nyimbo, ilizimwa kwa amri ya mahakama mwaka 2001 na wengine wakachukua nafasi yake. Tovuti ya torenti ya KickassTorrents ilikamatwa Julai 2016 na watumiaji wake wakahamia kwingine. Kinachopunguza wizi ni njia halali iliyo karibu na yenye bei inayolipika. Mtu wa Kibirizi au Buhigwe akitaka kutazama filamu kwa bando lake, filamu moja inaweza kumaliza bando la wiki, na ndiyo maana anakuja kwako na flashi. Wewe umekuwa mfereji wa usambazaji ambao watayarishaji wa filamu wa Dar es Salaam wameshindwa kuujenga, isipokuwa hakuna senti inayorudi kwao kupitia mfereji huo. Ningependa kuona vibanda vya aina yako vinapewa leseni ya bei nafuu, inayopatikana wilayani bila safari ya kwenda Dar es Salaam, yenye orodha ya filamu na nyimbo ambazo wenyewe wamekubali zisambazwe na mgawo wao ukitoka kwa kila flashi. Msako wa kunyang'anya kompyuta kabla njia hiyo haijakuwapo unamwacha mwenye kibanda bila riziki na msanii bila malipo.

Lakini kutokuwapo kwa njia nzuri hakukupi ruhusa ya kuendelea. Andikia Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, yaani COSOTA, uulize masharti ya leseni kwa biashara yako. Wasanii wa mkoa wenyewe, ambao wanahitaji sana kusikika, wafuate ana kwa ana, mwandikiane makubaliano ya mgawo, na utakuwa na mzigo halali ambao hakuna mtu Mwanga anao. Torenti iache leo.

*Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwalimu wa sekondari Kasulu. Tuna kundi la WhatsApp la walimu ambamo tunatumiana vitabu vya pdf. Ile tovuti kubwa ya vitabu, Z-Library, ilipokamatwa tuliogopa. Je, tunavunja sheria?*

Marahaba, mwalimu. Majina ya Z-Library yalikamatwa na Marekani Novemba 2022, na watu wawili wakakamatwa Argentina. Kwenu, sheria yetu inamruhusu mtu kujinakilia kazi iliyochapishwa kwa matumizi yake binafsi, na kutumia sehemu ya kazi kama mfano wa kufundishia, mradi isizidi lengo na chanzo kitajwe. Kumtumia kundi zima kitabu kizima kinachouzwa dukani ni jambo jingine, na hilo liacheni. Vitabu vya kiada mnaweza kuvipata bila malipo kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na kazi ya mwandishi aliyefariki zaidi ya miaka 50 iliyopita kwa kawaida iko huru hapa nchini.

*Mhariri, mimi ni msanii chipukizi wa Gungu. Wimbo wangu nilioulipia studio kwa pesa ya dagaa umewekwa kwenye tovuti kadhaa za kupakua muziki bila kuniuliza. Wengine wananiambia nishukuru, eti wananitangaza. Nifanye nini?*

Mdogo wangu, usishukuru. Kutangazwa ni jambo unaloamua wewe, kwa wimbo unaouchagua na kwa muda unaoutaka. Tovuti hizo zinajaza kurasa zake matangazo ya biashara, na malipo ya matangazo hayo yanaingia mfukoni mwa mwenye tovuti, wakati wewe bado unalipa deni la studio.

Haki yako ilizaliwa siku ulipoutunga wimbo, hata kama hujausajili popote. Hata hivyo usajili COSOTA, kwa sababu cheti ni ushahidi mwepesi mbele ya mtu anayekubishia. Kisha tumia silaha ambayo wasanii wengi hawaijui: Sheria ya Makosa ya Mtandao inakuruhusu kumpelekea mtoa huduma anayehifadhi kazi hiyo notisi ya maandishi ya kuitaka iondolewe. Andika jina lako kamili na anwani, utie saini, utaje haki iliyovunjwa, anwani kamili ya kila ukurasa wimbo ulipo, hatua unayotaka ichukuliwe, na maelezo kwamba unasema kweli na kwa nia njema. Mtoa huduma anayehifadhi mafaili ya wengine na kupuuza notisi ya namna hiyo anaweka rehani kinga ambayo sheria imempa. Kwenye YouTube kuna fomu ya madai ya hakimiliki inayofanya kazi hiyo hiyo.

Kabla hujatuma, piga picha za skrini za kila ukurasa zikionyesha tarehe na idadi ya waliopakua, uzihifadhi pamoja na risiti ya studio na faili la kwanza ulilopewa na prodyuza. Wimbo ukirudishwa baada ya kuondolewa, nenda polisi na jalada hilo hilo, umwombe ofisa wa COSOTA akusaidie kuandika maelezo. Na prodyuza wako naye muulize kwa upole nani mwingine alipewa nakala, maana kama wimbo ulikuwa haujatoka rasmi, huenda ulipita mkononi mwa mtu unayemfahamu.