Serikali ya Lundeberg, Sweden 1905: je, ilishindwa?

Ndugu, umeuliza iwapo serikali ya mseto ya Waziri Mkuu wa Sweden Christian Lundeberg, iliyodumu miezi mitatu tu, ilivunjika kwa sababu wahafidhina na waliberali walishindwa kukaa pamoja. Kwa maoni yangu, sivyo kabisa. Bunge la Norway lilikuwa limetangaza tarehe 7 Juni 1905 kwamba muungano na Sweden umekwisha, na serikali ya Sweden ya Waziri Mkuu Ramstedt ikaanguka kwa kuonekana legelege mno. Ndipo Lundeberg, mhafidhina wa Baraza la Kwanza (baraza la juu la Bunge la Sweden), alipounda serikali tarehe 2 Agosti, akimwingiza hata Karl Staaff, mwanasiasa mashuhuri wa waliberali, ili taifa lizungumze na Norway kwa sauti moja.

Wote wawili walikwenda mjini Karlstad, Sweden, pamoja na mawaziri wenzao Wachtmeister na Hammarskjöld, na mazungumzo na Norway yalikuwa magumu hasa kuhusu ngome za Norway za mpakani, kwani Sweden ilitaka zibomolewe. Hatimaye, tarehe 23 Septemba, walikubaliana kuwa na eneo lisilo na majeshi mpakani, migogoro ipelekwe kwenye usuluhishi huko The Hague, na ngome kongwe za Fredriksten na Kongsvinger zisibomolewe. Vita vikaepukwa, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa mno.

Tarehe 26 Oktoba Mfalme Oscar wa Pili, aliyekuwa mfalme wa nchi zote mbili, aliachia taji la Norway. Kazi iliyowaunganisha ilikuwa imekwisha, na kwa kuwa waliberali walishinda uchaguzi wa Septemba, Lundeberg alijiuzulu, na Staaff akaunda serikali yake tarehe 7 Novemba.