Mgombea yupi wa Marekani ana uzito?

SWALI: Hapa kijiweni kwetu Majengo, Dodoma, uchaguzi wa Marekani ukikaribia tunabishana hadi kahawa inapoa. Wenzangu wanasema anayeongoza kwenye tafiti za maoni ndiye mshindi. Wagombea wale wapimwe vipi?

JIBU: Hapa kwetu mwenye kura nyingi ndiye rais. Kule wanahesabu kura za wajumbe 538 wa majimbo, ambao ndio humchagua rais, na anayefikisha 270 ndiye anayeingia Ikulu. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa karibu kura milioni 2.9 za wananchi, lakini akashindwa kwa wajumbe 304 kwa 227. Kwa hiyo achaneni na asilimia za nchi nzima, tazameni majimbo yanayoyumba, yaani yale ambayo chama chochote kinaweza kushinda. Pennsylvania ina wajumbe 19, na anayeongoza hata kwa kura chache anazoa wote. (Maine na Nebraska tu ndizo zinazoweza kuwagawa.) California ina 54, ila ni ngome ya chama cha Democratic tangu 1992, wagombea huenda huko zaidi kuchangisha fedha.

Ahadi nazo zichujwe. Je, inatosha sahihi ya rais, au lazima ipite Bungeni? Kubadili viwango vya kodi ya mapato kunahitaji sheria, na katika Seneti, moja ya mabaraza mawili ya Bunge lao, yenye watu 100, miswada mingi hukwama kwa kukosa kura 60 za kufunga mjadala ili mswada upigiwe kura. Mgombea anayeahidi makubwa huku chama chake kikielekea kupoteza Seneti, mpunguzieni alama, hata awe msemaji hodari kiasi gani.